Shauku na Uchaguzi wa Njia: Mhadhara kwa Wazazi, Walimu na Vijana wa Elburgon

Shauku, kwa maana itakayotumika katika mhadhara huu, ni mvuto wa kudumu unaomrudisha mtu kwenye kazi au somo fulani bila kusukumwa na mwingine na bila kungoja malipo, na kwa hiyo inatofautiana na hamu, ambayo huja na kupita, na vilevile na kipaji, ambacho ni wepesi wa kutenda jambo hata pale mwenye nacho asipolipenda. Swali linalochunguzwa ni kama mvuto huo unastahili kusikilizwa kijana anapochagua cha kusomea au cha kufanyia kazi, au kama ni anasa ya wale ambao karo yao imekwisha kulipwa. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba shauku inaaminika kama kiongozi wa hatua inayofuata, ijapokuwa haiwezi kuonyesha mwisho wa safari, na kwamba husomwa katika yale ambayo mtoto huyatenda na kuyarudia, hasa katika sehemu za kazi zinazochosha, kuliko katika jibu analolitoa mbele ya wageni anapoulizwa angependa kuwa nani atakapokuwa mkubwa.

Swali lenyewe ni la zamani, lakini nchini Kenya limepata uzito mpya. Chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, mwanafunzi wa kawaida hakulazimika kuamua mwelekeo wake kikamilifu hadi alipomaliza Kidato cha Nne na kupeleka machaguo yake kwa taasisi inayowapangia wanafunzi nafasi vyuoni, ambayo kwa sasa ni KUCCPS. Mtaala wa umilisi umeuleta uamuzi huo karibu zaidi: mwanafunzi anapotoka Gredi ya 9 huingia katika mmojawapo wa mikondo mitatu, yaani Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, Sayansi za Jamii, au Sanaa na Sayansi ya Michezo, na kundi la kwanza la wanafunzi wa Gredi ya 10 lilianza masomo Januari 2026. Mtoto wa miaka 14 au 15 anaombwa kuchagua mlango ambao, ingawa haufungi milango mingine yote, utaifanya mingine kuwa mizito kufunguka, na wazazi wengi wanaombwa kumshauri kuhusu mpango ambao wao wenyewe hawakuupitia.

Pingamizi la kwanza dhidi ya shauku ni lile la usalama, nalo halipaswi kudharauliwa, kwa kuwa hutolewa na wazazi waliouza viazi, wakauza na ng'ombe, wakachukua mkopo wa chama ili mtoto afike alipofika. Mzazi huyo husema kwamba mapenzi hayajazi sufuria, kwamba mtoto asomee kazi yenye soko, na kwamba yale anayoyapenda atayafanya wakati wa mapumziko. Udhaifu wa pingamizi hili hautokani na ugumu wa moyo wa mzazi. Unatokana na kwamba linategemea utabiri, na historia ya Elburgon yenyewe inaonyesha jinsi utabiri wa aina hiyo unavyoponyoka. Mji huu ulikua kando ya reli iliyofika Kisumu mwaka 1901, chini ya msitu wa Mau, na kwa miongo mingi mbao ndizo zilizokuwa kazi ya uhakika, kuanzia viwanda vikubwa, kikiwamo cha Timsales, hadi mashine ndogo za kupasua magogo, wapakiaji, madereva wa malori, wanoaji wa misumeno na akina mama waliowauzia wote hao chakula cha mchana. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na riziki ya wengi ikakatika katika muda wa wiki chache. Marufuku hiyo, iliyotangazwa mwanzoni kuwa ya siku 90, iliendelea hadi Julai 2023, Rais William Ruto alipotangaza mjini Molo kwamba ameiondoa, na hata baada ya tangazo hilo suala hilo lilifikishwa mahakamani.

Pareto ina historia inayokaribiana na hiyo. Ua hilo jeupe, ambalo hukaushwa na kutolewa dawa ya kuua wadudu, lilistawi katika baridi ya Molo na Elburgon wakati ambapo Kenya iliongoza duniani kwa uzalishaji wake, na malipo yalipoanza kuchelewa, wakulima wengi waling'oa pareto wakapanda viazi. Hata ualimu, ambao kizazi kizima kiliuhesabu kuwa ajira isiyokosekana, ulibadilika mwaka 1998 serikali ilipoacha kuwaajiri moja kwa moja wahitimu wa vyuo vya ualimu. Hakuna kosa la akili katika kuchagua mbao, pareto au ualimu katika enzi zile; aliyechagua alitumia ushahidi uliokuwapo, na ushahidi huo ukazeeka.

Haifuati kutoka hapo kwamba soko lisiulizwe. Kinachofuata ni kwamba hali ya soko na shauku ya mtoto ni ushahidi wa aina mbili, na ule wa kwanza, unaopewa heshima kubwa zaidi katika vikao vya familia, unahusu dunia ya miaka kumi ijayo ambayo hakuna aliyeiona, ilhali wa pili unahusu mtoto ambaye mzazi anaishi naye nyumba moja. Zaidi ya hayo, mabadiliko yanapokuja, mtu aliyeingia katika kazi kwa sababu anaipenda huwa anajua mambo mengi yanayoizunguka, hivyo ana pa kugeukia. Aliyependa mti wenyewe, akajua tofauti ya msonobari na mwerezi kwa harufu, akajua ni ubao upi utapinda na upi utatulia, angeweza kuhamia katika useremala, katika vitalu vya miche au katika mbao za mashamba ya watu binafsi. Aliyependa tu mshahara wa Jumamosi alipoteza vyote viwili, mshahara na sababu ya kubaki. Huu si utetezi wa serikali inayowaacha wafanyakazi bila msaada, kwa maana shauku haiwezi kuchukua nafasi ya sera njema, bali ni maelezo ya kwa nini maarifa yanayotokana na mapenzi ya kazi huhimili mshtuko vizuri zaidi.

Mfano ulio wazi zaidi katika Bonde la Ufa ni wa Julius Yego, aliyezaliwa mwaka 1989 katika eneo la Tinderet, Kaunti ya Nandi, yaani katika nchi ambayo mtoto mwenye mwili wa michezo hutarajiwa kukimbia. Tangu Kipchoge Keino aliposhinda mbio za mita 1,500 kwenye Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, njia ya mkimbiaji katika eneo hilo ilikwisha kufyekwa: palikuwa na makocha, kambi, mawakala, na jirani aliyejenga nyumba ya mawe kwa pesa za mbio. Kurusha mkuki hakukuwa na lolote kati ya hayo. Yego alianza kwa kurusha fimbo, akaendelea katika mashindano ya shule, na alipofika mahali ambapo mtu wa karibu wa kumwongoza hakupatikana, aliingia katika mikahawa ya intaneti akatazama kwenye YouTube video za Jan Železný wa Ucheki na Andreas Thorkildsen wa Norway, akajifunza kwa macho namna wanavyokimbia kabla ya kurusha, wanavyouchelewesha mkono na wanavyoukita mguu wa mbele, kisha akaenda uwanjani kuyajaribu hayo kwa mwili wake mwenyewe.

Matokeo yake yanajulikana, lakini mpangilio wake ndio unaohitaji kutazamwa kwa makini. Mwaka 2011 alishinda dhahabu katika Michezo ya Afrika mjini Maputo. Baada ya hapo alipata nafasi ya kufanya mazoezi Kuortane, Finland. Mwaka 2012 alifika fainali ya Olimpiki ya London na kumaliza wa 12. Mwaka 2013 alikuwa wa nne katika mashindano ya dunia mjini Moscow. Mwaka 2014 alishinda dhahabu ya Jumuiya ya Madola mjini Glasgow. Na tarehe 26 Agosti 2015, mjini Beijing, alirusha mita 92.72, umbali uliompa ubingwa wa dunia, kabla ya kuongeza fedha ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Katika mfululizo huu hakuna mahali ambapo familia ilitakiwa kuuza shamba kwa ajili ya ndoto. Fimbo haikununuliwa; mkahawa wa intaneti ulidai shilingi chache; mashindano ya shule yalimfikisha kwenye ya kitaifa, ya kitaifa yakamfikisha Maputo, na Maputo ikafungua njia ya Finland. Shauku iliomba gharama ndogo, ikatoa ushahidi, ndipo ikaomba gharama kubwa zaidi, na utaratibu huo ndio unaomfaa mzazi wa Elburgon kuliko medali yenyewe.

Msikilizaji makini atapinga kwamba mfano wa aliyefaulu huwaficha wengi waliojaribu wakashindwa, na pingamizi hilo ni la haki kabisa. Wako vijana waliopenda mkuki, muziki au soka kwa moyo wote na hawakufika popote panapotajwa redioni. Jibu ni kwamba shauku haiahidi ushindi. Inachokifanya ni kumwezesha mtu kudumu katika kujifunza kwa muda mrefu wa kutosha hadi ukweli kuhusu uwezo wake ujulikane, na yule ambaye ukweli huo umemjia baada ya majaribio ya gharama ndogo hajapoteza maisha yake. Amepoteza jioni kadhaa, na kwa kawaida amebaki na ujuzi fulani mkononi. Hatari hutokea pale jaribio la kwanza linapokuwa kubwa mno, kama vile kuacha shule kwa ajili ya jambo ambalo halijajaribiwa hata muhula mmoja.

Kuna kosa jingine, lililo la kina zaidi, ambalo mfano wa Yego peke yake unaweza kulichochea, nalo ni kudhani kwamba kila mtu huzaliwa na shauku moja iliyokamilika, na kwamba asiyeisikia ndani yake ana kasoro. Maisha ya Kamoya Kimeu yanalisahihisha kosa hilo. Kimeu, aliyelelewa Ukambani katika jamii iliyoogopa kushika mifupa ya wafu, aliajiriwa karibu na mwaka 1960 kama kibarua wa kuchimba katika utafiti wa familia ya Leakey huko Olduvai, Tanganyika. Hakwenda kwa sababu ya mapenzi ya visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe. Alikwenda kwa sababu kazi ilipatikana. Mapenzi yalikuja kazini. Alijifunza kutofautisha kipande cha mfupa na kokoto, mwaka 1964 akagundua taya la kale huko Peninj, karibu na Ziwa Natron, na baadaye akawa kiongozi wa kikosi cha Wakenya ambacho macho yake yalisifika katika sayansi hiyo duniani kote.

Mwaka 1984, huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, Kimeu alikiona kipande kidogo cha mfupa wa paji la uso, cheusi katikati ya changarawe nyeusi, na uchimbaji uliofuata ulifunua mifupa ya mvulana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita, mojawapo ya mabaki kamili zaidi ya binadamu wa kale kuwahi kupatikana. Kambi ilikuwa katika mapumziko siku hiyo, na hakuna aliyemtuma. Mtu aliyeingia katika kazi kwa ajili ya ujira alikuwa, baada ya takriban robo karne, anatembea juani siku ya kupumzika akitazama chini, na kama kuna kipimo bora zaidi cha shauku kuliko hicho, wanasaikolojia bado hawajakitoa. Kimeu alifariki mwaka 2022, na jina lake limehifadhiwa katika jina la kisayansi la nyani wa kale, Kamoyapithecus.

Utafiti wa saikolojia, yaani elimu ya nafsi na tabia, unaunga mkono somo hili. Suzanne Hidi na Ann Renninger walieleza mwaka 2006 kwamba mvuto wa mtu kwa jambo hukua kwa hatua nne: kwanza huamshwa na tukio la nje, kisha hudumishwa na mazingira, baadaye huanza kuwa wa mtu mwenyewe, na mwisho hukomaa kiasi cha kustahimili ugumu. Paul O'Keefe, Carol Dweck na Gregory Walton, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, walionyesha jinsi imani ya mtu kuhusu jambo hili inavyoathiri mwenendo wake. Washiriki walitazama video ya kusisimua kuhusu mashimo meusi ya angani, kisha wakapewa makala ngumu ya kisayansi juu ya jambo hilohilo, na wale walioamini kwamba shauku huwa ndani ya mtu ikisubiri kugunduliwa walipoteza hamu zaidi kuliko wale walioamini kwamba hukuzwa. Kijana anayeambiwa kila siku "tafuta unachokipenda" anaweza kuichukulia dalili ya kwanza ya ugumu kuwa ushahidi kwamba amekosea njia, akahama, akahama tena, na kila mara akaondoka katika hatua ya pili.

Tuzo nazo zinahitaji tahadhari. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1973, Mark Lepper na wenzake waliwachunguza watoto wa shule ya chekechea katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliokuwa wakipenda kuchora; waliokuwa wameahidiwa cheti kwa ajili ya kuchora walichora kidogo zaidi siku za baadaye, ambapo hapakuwa na cheti, kuliko wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Shule zinazopanga watoto kwa nafasi kila muhula, na familia zinazoahidi simu kwa alama fulani, hazikosei kwa kutaka bidii, lakini zinaweza kuharibu chombo kilekile kinachohitajika kuwaongoza watoto hao wakati wa kuchagua mkondo, kwa kuwa baada ya miaka tisa ya kusoma kwa ajili ya nafasi mtoto hawezi tena kujua ni somo lipi angelisoma bila nafasi.

Basi shauku isomwe wapi? Isomwe katika sehemu ya kazi isiyo na fahari. Njoro, mwendo mfupi kutoka Elburgon, kuna kituo cha utafiti kilichoanza mwaka 1927 kwa ajili ya ngano na ambacho leo kiko chini ya KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo. Baada ya aina hatari ya kutu ya shina, iliyopewa jina la Ug99, kugunduliwa nchini Uganda mwaka 1998, mashamba ya Njoro yalikuwa uwanja wa kupimia ngano kutoka nchi nyingi ili kujua ipi inastahimili ugonjwa huo. Ukilisikia jambo hili kwa ufupi, ni vita vya kuulinda mkate wa dunia, na mwanafunzi yeyote wa sayansi atasema anaipenda kazi hiyo. Ukiitazama kwa siku nzima, ni mtu anayetembea katikati ya mistari ya ngano, anakadiria ni sehemu gani ya shina imefunikwa na kutu, anaandika, anasogea hatua moja, anaandika tena, msimu baada ya msimu, kwa maelfu ya mistari. Mtoto ambaye hatua hizo zinamfanya aulize maswali zaidi ana shauku ya sayansi. Anayependa koti jeupe tu ana hamu ya heshima, ambayo si dhambi, lakini haimfikishi mstari wa mia tatu.

Upande wa giza wa shauku nao hauna budi kutajwa. Robert Vallerand na wenzake, nchini Kanada, walitofautisha mwaka 2003 shauku inayopatana na maisha mengine ya mtu na ile inayomtawala hata ikamfukuza usingizi, masomo na watu wake. Kijana anayekesha kwenye simu akibashiri matokeo ya mechi anarudi kwenye jambo bila kusukumwa, ila hakuna ujuzi unaoongezeka kwa kila kurudi, na hawezi kuacha anapotaka; dalili hizo mbili zinatosha kumtenga na yule anayekesha akitengeneza redio mbovu.

Linalobaki ni jambo la haki, nalo ndilo linalouma zaidi. Ikiwa mvuto huamshwa na tukio la nje, basi mtoto hawezi kuvutwa na kitu ambacho hajawahi kukigusa, na watoto wa Elburgon hawajagusa vitu sawa na watoto wa miji mikubwa. Hata hivyo eneo hili si maskini wa vitu vya kugusa kama linavyodhaniwa. Kuna msitu wa Mau na wazee wa Ogiek wa Mariashoni wanaojua nyuki na miti kwa undani ambao vitabu vichache vinaufikia. Kuna Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoanza mwaka 1939 kama shule ya kilimo. Kuna Hyrax Hill mjini Nakuru, ambapo Mary Leakey alichimba mwaka 1937 na 1938 na ambapo jumba la makumbusho liko wazi kwa shule. Kuna karakana za maseremala, gereji, hospitali na vyama vya ushirika vya viazi. Siku moja katika kila mojawapo ya mahali hapo, ikifuatwa na kazi ndogo ambayo mtoto atairudia akitaka, inagharimu kidogo kuliko muhula mmoja wa mkondo usiomfaa. Mwalimu anayeandika katika daftari la kawaida ni nani aliyerudi bila kuitwa, na ni nani aliyeuliza swali la pili, atakuwa na ushahidi ambao mtihani hautoi.

Ushahidi huo utahitajika mapema kuliko inavyofikiriwa, kwa sababu si kila shule ya sekondari inatoa mikondo yote mitatu, na mtoto aliyethibitisha kwa matendo kwamba anarudi kwenye ngoma, rangi au uwanja anaweza kupangiwa shule ambayo mkondo wake haupo. Kabla ya fomu ya machaguo kujazwa, mzazi ana haki ya kwenda shuleni na kuuliza mambo ya wazi: maabara ina vifaa gani, wanafunzi huvitumia mara ngapi kwa wiki, nani anafundisha muziki, uwanja uko wapi, na kama mwanafunzi aliyekosea mkondo anaweza kuhama katika muhula wa kwanza bila kupoteza mwaka.